Goti la Heritier

Heritier aliponipigia simu Jumatano asubuhi kuniambia kwamba mama yake amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sura ya mama. Kilikuwa goti. Goti la kulia, limewekwa juu ya stuli ya plastiki ya bluu, limefunikwa taulo lililochovywa kwenye maji ya moto yenye chumvi, na mikono miwili ya mama inalibonyeza polepole huku mvuke ukipanda. Nilimpa pole, nikamuuliza msiba uko wapi, nikajifanya naandika anwani ambayo naijua kwa moyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisha nikakata simu, nikabaki nimekaa ndani ya gari nje ya duka la dawa, nikiona haya peke yangu mbele ya usukani. Mtu mzima, mwenye mvi, mwenye mtoto chuo kikuu. Mama wa watu amekufa na mimi nafikiria goti. Lakini ndivyo ilivyo kwangu. Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, niukunje niukunjue, unaishia pale pale kwenye stuli.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na kazi ambayo hakuna mtu kanisani aliyeielewa. Nilikuwa natazama wanaume wakigongana, kisha naandika. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dobi, karibu na reli. Vyumba vitatu vyenye harufu ya kahawa iliyoungua na mvuke wa nguo zilizopigwa pasi, na dirisha lililotetemeka kila treni ya kwenda mjini ilipopita. Mwenye ofisi aliitwa Bwana Garvin, Mmarekani mzee aliyekuwa kocha zamani, nyonga zote mbili za bandia. Timu za kule Marekani zilimwamini kwa jambo moja: kuwatazama vijana wa Kanada wanaocheza mpira wao ule wa kofia ngumu, na kusema nani ataiweza ligi ya kulipwa na nani arudi kusoma sheria. Mimi sikuwahi kuucheza hata siku moja. Niliujua kwa kupanda mnara wa chuma pale chuoni nikirekodi mechi kwa kamera, baridi ikinitafuna vidole, kwa sababu ndiyo kazi pekee ya mwanafunzi niliyoipata. Lakini kutazama ni mazoea, nami nilizoea upesi. Bwana Garvin alinifundisha kutoutazama mpira wenyewe. "Mpira kila mtu anauona," alikuwa akisema. "Wewe tazama miguu ya yule ambaye mpira hauendi kwake." Na juu ya mashine ya video alikuwa amebandika sheria yake: usiandike ulichosikia, usiandike unachodhani, andika ulichokiona kwa macho yako. Niliipenda sana sheria ile. Niliamini kwamba mtu akiifuata hawezi kumdhulumu mwenzake.

Kanisa letu lilikuwa la Waswahili wa Kongo na Burundi, tuliokuwa tukipanga ukumbi wa Wazungu kila Jumapili mchana, wao wakishamaliza ibada yao. Mama Heri, yaani mama yake Heritier, alikuwa mzee wa kwaya, mfupi, mnene, mwenye sauti iliyoingia kwenye pambio nusu hatua kabla ya wengine wote. Siku za kazi aliwaogesha na kuwalisha vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Siku ya tatu nilipofika kanisani alinishika mkono mlangoni, akanigeuza huku na huku mbele ya watu. "Huyu mutoto anakula wapi?" akauliza, si mimi, akawauliza wanakwaya. Hakuna aliyejua. "Alors, atakula kwangu." Nikachekwa, nikapelekwa. Nilikuwa napanga chumba hapo hapo Weston, mtaa wa kanisa letu, kwenye ghorofa la zamani linalotazama mto Humber, na kwa miezi mingi nilikuwa nikila mkate na mayai kila siku ya Mungu. Nyumba ya Mama Heri ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya nne. Sikujua wakati ule kwamba ana mtoto anayecheza mpira. Niliingia jikoni nikamkuta Heritier ameketi sakafuni, ameegemea friji, kwa sababu hapakuwa na kiti cha kumtosha.

Heritier alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu na alicheza nafasi wanayoiita taiti endi. Huyo husimama mwishoni mwa mstari wa wale majitu, na ana kazi mbili zinazogombana. Mara anatakiwa amsukume mtu mzito kuliko yeye ili mwenzake apite na mpira. Mara anachomoka, anakimbia, anageuka, anadaka. Akiwa mwepesi mno, anavunjwa. Akiwa mzito mno, hafiki. Mama yake hakujua lolote kati ya hayo. Aliuita "ule muchezo ya kugongana" na aliuombea kila Ijumaa uishe. Lakini alijua kitu kimoja, kwamba mtoto wake anarudi nyumbani mwili umechoka, na hilo alikuwa na dawa yake.

Jikoni kwake ndipo nilipokaa mwaka ule, naweza kusema hivyo. Sebuleni kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na kabati la vioo lenye sahani za wageni, lakini sisi hatukuketi huko. Sebule ilikuwa ya mchungaji na ya watu wa uhamiaji. Sisi tulibanana jikoni, tukinawa kwenye beseni moja, tukizunguka sinia moja: bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyochemka tangu asubuhi, vidagaa vya ndakala vya kukaanga, pilipili iliyotutoa kamasi. Mkono wa Heritier ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mama alimgawia upande wake wa sinia na kumkataza kuvuka. "Mutu ananyanganya mama yake!" alikuwa akipiga kelele, huku yeye mwenyewe akimsogezea samaki. Tukishamaliza, anabandika sufuria ya maji, anamwaga chumvi ya mawe, anavuta ile stuli ya bluu. Kisha anakanda. Anaanza na goti la kulia la Heritier, halafu la kushoto, vifundo vya miguu, mabega. Akija jirani mwenye mgongo, naye anakandwa. Heritier, aliyekulia hapa, alikuwa akielewa kila neno la mama na kumjibu kwa Kiingereza. "Maman, it's fine, I'm not hurt," alilalama kila Jumapili, na kila Jumapili alinyoosha mguu mwenyewe kabla ya kuitwa.

Siku moja mama alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikibonyeza kile kitufe cha kurudisha mkanda nyuma, na nilikuwa nikishika tonge kwa shida kidogo. "Leta mukono," akasema.

"Mama, siumwi. Ni uchovu tu."

"Nani amesema unaumwa? Mwili ya mutu inakandwa mbele ya kuuma. Tangu huyu akiwa wa wiki moja namukanda. Mama yako hakukukanda?"

Alinikanda. Nilikuwa nimesahau, na maji yale yalipogusa kifundo cha mkono nilikumbuka yote, nikatazama dirishani ili wasinione machozi. Heritier aliona. Alinipa kisogo akaanza kuosha sinia. Tangu siku ile akawa ananiita grand, yaani kaka mkubwa, kama wanavyosema Wakongo. Na tangu siku ile mkono wangu ukawa kwenye zamu, baada ya mabega yake na kabla ya mgongo wa jirani. Naliandika hili kwa urefu makusudi. Nataka ijulikane kwamba nilielewa. Sikuwa Mzungu aliyechungulia mlangoni akaona jambo geni. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ileile.

Majira ya baridi Bwana Garvin aliniletea mikanda ya Heritier bila kujua. Nilimwambia ukweli, kwamba namfahamu, tunasali pamoja. "Vizuri," akasema, "basi huna kisingizio cha kukosea jina lake." Nilimtazama Heritier kwenye kioo kwa wiki tatu, na nilimtazama kwa haki, nathubutu kusema hivyo kuhusu majira yale ya baridi, si kuhusu yaliyofuata. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Mpira ulikuwa ukimfikia umepotoka, nyuma ya bega, chini ya kiuno, naye anautoa hewani bila kelele, jinsi alivyokuwa akichukua samaki kwenye upande wa mama yake. Aligeuka upesi kwa mtu wa kimo kile. Na mpira ulipokwenda kwa mwingine hakulala, aliendelea kutafuta mtu wa kumzuia hadi filimbi. Kasoro yake ilikuwa kwenye kusukuma. Alikuwa akisimama wima mno. Kwenye mchezo ule mwenye kuwa chini ndiye anayeshinda, na Heritier kila mara alikuwa akiinuka mapema, kana kwamba anataka kuona nani anamgonga. Niliandika hivyo hivyo: atafaa kuwa wa pili au wa tatu kwenye nafasi yake, akifundishwa kukaa chini; mpeni misimu miwili, msimtarajie mwaka wa kwanza. Bwana Garvin alisoma akatingisha kichwa kukubali. Majira ya kuchipua, timu moja ya kule Marekani, ng'ambo ya ziwa, ikamsajili kwa majaribio.

Kanisani siku hiyo watu walimwekea mikono mpaka akazama, yeye na kimo chake chote. Mama Heri alilia, akacheka, akanivuta mbele mimi pia. "Na huyu," akasema, "huyu ndiye alimwandika muzuri!" Watu wakanipigia makofi. Kichwa kilinivimba. Nilitembea Weston nzima nikiwa mtu wa maana, nikisalimia hata wasionisalimia. Heritier aliondoka kwenda kambini mwezi wa saba. Jumapili niliendelea kwenda peke yangu kwa mama, naye alikuwa akinikanda mkono na kuniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Wanamulisha nini kule? Iko nani anamukanda? Nikamwambia wana wataalamu, wana mashine. Akasonya.

Sasa nifike penyewe. Mwisho wa mwezi wa nane, siku moja mchana, nilikuwa chumba cha nyuma nikitoa nakala. Mlango wa Bwana Garvin ulikuwa wazi, naye alikuwa kwenye simu na mtu wa ile timu. Niliwasikia, yaani nilimsikia yeye. Kwa majibu yake nikaelewa kwamba walikuwa wamebakiwa na nafasi moja na wachezaji wawili, Heritier na mwingine wa huko huko kwao, na hawakuweza kuwatenganisha. Walitaka ukurasa mmoja kutoka kwetu, watu waliomjua tangu chuoni. Bwana Garvin akasikiliza, kisha akacheka kicheko chake cha kikohozi. "Deo? Deo ana jicho," akasema, akinitaja mimi. "Lakini yule ni wa kwao. Wanaomba pamoja, wanakula pamoja. Ataniandikia malaika. Mimi nitajuaje?" Mashine ya nakala ilikuwa bado inatema karatasi. Hakuwa amesema kwa ubaya, hilo nalijua leo. Lakini nilikuwa nimejenga nafsi yangu nzima juu ya lile jicho, juu ya ile sheria ya ukutani, na sasa nikasikia kwamba kwake mimi ni mtu wa kanisani tu, mwenye huruma ya kikabila. Alipokata simu aliniita. "Andika ukurasa mmoja," akasema. "Mikanda nimeiona mwenyewe. Niambie ulichokiona wewe ambacho mimi siwezi kukiona."

Niliketi. Niliandika mikono, nikaandika miguu, nikaandika kwamba bado anasimama wima, ingawa kwenye mikanda ya kambini alikuwa ameanza kukaa chini. Yote yalikuwa ya kweli na yote alikuwa anayajua. Nikafika kipengele cha mwili. Nikaandika kwa Kiingereza changu kizuri cha ofisini: goti la kulia hutibiwa nyumbani kwa maji ya moto na kukandwa kila wiki, nimelishuhudia hili mara nyingi kwa macho yangu, hakuna jeraha lililowahi kutolewa taarifa. Nikaitazama sentensi ile. Hapakuwa na uongo ndani yake hata neno moja. Kisha nikaongeza nyingine: hii ni desturi ya familia, hukandwa watu wazima wenye afya, hata mimi mwenyewe hukandwa mkono. Nikasoma tena. Nikamwona Bwana Garvin akiisoma hiyo ya pili, akimwona Deo wake ameketi kwenye stuli ya bluu jikoni kwa mama wa mchezaji, mkono umo kwenye beseni. Nikaifuta. Nakumbuka kidole kwenye kitufe, herufi zikirudi nyuma moja moja. Niliifuta ile iliyonionyesha mimi, nikaiacha ile iliyomwonyesha yeye. Watu wengi wamefanya mabaya kwa hasira au kwa njaa. Mimi nilifanya langu ili mzee mmoja juu ya duka la dobi aniite mtu wa haki.

Naye aliniita. Alisoma, akaondoa miwani, akanigonga begani. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka," akasema. "Najua haikuwa rahisi." Alipeleka faksi mwenyewe. Kuna fundisho lake moja ambalo nilikuwa nimelisahau kwa makusudi: timu ikiwa na watu wawili wanaolingana, haitafuti sababu ya kumchukua mmoja, inatafuta sababu ya kumwacha mwingine. Siku tatu baadaye Heritier aliachwa. Timu nyingine hazikumpigia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, kwa sababu kutokwenda kungesema kitu. Mama Heri aliimba kama kawaida. Mwisho wa ibada alinishika mkono kama kawaida, akaniambia chakula kipo. Nilipanda ngazi nikihofia kufukuzwa. Lakini mama alinifungulia mlango kwa heshima, akanikaribisha sebuleni. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa kwenye meza ndogo. Sahani moja ya kioo, kutoka kwenye kabati. Uma, kisu, karatasi ya kufutia mdomo iliyokunjwa pembe tatu. "Keti hapa," akasema. "Wewe sasa ni mutu ya ofisi." Nikaketi. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa nusu. Niliona mguu wa Heritier, umenyooshwa sakafuni karibu na friji, nikamsikia akisema jambo kwa sauti ya chini na mama akamnyamazisha. Baadaye nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nikangoja kuitwa. Sikuitwa. Nilikula sombe kwa uma, chakula ambacho hakikuumbwa kuliwa kwa uma, na nikajiambia kwamba hawajui, kwamba nimepandishwa cheo, kwamba mama amenipa kiti cha mchungaji. Nilijitia hamnazo hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mwaka mzima na zaidi, sahani ya kioo ikiningoja kila mara. Kisha nikahamia upande wa mashariki, nikaoa, ziara zikawa za Krismasi, Krismasi zikawa simu. Kwa Bwana Garvin niliacha kabla hajafunga ofisi. Bado natathmini, ila siku hizi natathmini magari yaliyogongwa, ambayo hayana mama.

Basi Jumamosi nilikwenda msibani. Treni ya uwanja wa ndege, ambayo enzi zetu haikuwepo, sasa inapita chini ya madirisha yale. Lifti ilikuwa imeharibika. Pale chini nikamkuta Heritier anashusha vitu kwenye gari. Ni dereva wa basi la shule, amenenepa, ana ndevu zenye mvi. Akanikumbatia kwa mkono mmoja. Kisha akatupia gunia la mchele begani, akaanza kupanda, nami nikafuata nyuma yake nimebeba katoni ya maji. Ghorofa nne. Nilikuwa nahema kwenye ile ya pili. Yeye alikuwa akiruka ngazi mbili mbili huku akinisimulia siku za mwisho za mama, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa sisikii. Nilikuwa natazama goti lake la kulia. Natazama linavyojikunja, linavyobeba, linavyojinyoosha. Miguu ya mtu ambaye mpira hauendi kwake. Halikusita hata ngazi moja.

Ndani kulikuwa kumejaa. Viatu hadi kwenye ujia, akina mama wa kwaya wakiimba taratibu sebuleni chini ya picha ya marehemu. Heritier akanipitisha katikati yao hadi kwenye kochi la pembeni, na mkewe akaniletea chakula: sahani ya kioo, uma, karatasi iliyokunjwa pembe tatu. Nikaishika mapajani. Kutoka jikoni niliwasikia wajukuu na binamu wakicheka katikati ya kilio chao, wakigombania samaki, na sufuria ikigongwa. Sikuweza kula. Nikaiweka sahani chini, nikamfuata Heritier kwenye ujia, nikamshika mkono.

"Heri, kuna kitu niliandika," nikasema. "Mwaka ule. Kuhusu goti."

"Najua, grand." Kiswahili chake kilikuwa kimekua, alikitunza pamoja na mama yake miaka yote ile. "Daktari wa timu aliniuliza nani ananikanda nyumbani, na kwa nini nimewaficha. Nikacheka. Nikamwambia ni maman, anakanda kila mutu. Wakapiga picha goti, likawa safi. Mais yule daktari hakucheka."

"Mama alijua?"

"Siku ileile. Nilimpigia nikiwa bado kambini. Hakuuliza kuhusu timu, hakuuliza narudi lini. Aliuliza swali moja tu: siku hizo, kulikuwa nani jikoni?"

Nilitaka ukuta ule unimeze. Nikamwambia juu ya sentensi ya pili, ile niliyoifuta, neno kwa neno, kwa Kiingereza kama nilivyoiandika, maana sijawahi kuisahau. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Labda nilitumaini itanipunguzia kitu. Iliniongezea, niliona usoni mwake, kwa sababu mpaka dakika ile alikuwa ameamini kwamba sikuelewa nilichokuwa nakifanya.

"Kwa nini hakunifukuza?" nikauliza. "Mwaka mzima nimekula hapa."

"Mimi nilitaka akufukuze. Niliapa sitakaa nawe chumba kimoja. Yeye akasema hapana." Alikuwa na msiba wake, na mimi nilikuwa namchosha. "Akasema, yule mutoto hana mama hapa. Jumapili atakula wapi? Atakula. Mais jikoni, hapana."

Treni ilipita chini, madirisha hayakutetemeka kama lile la ofisini enzi zile. Heritier akanigusa bega, kwa upole, jinsi mtu anavyomgusa mgeni aliyetoka mbali. "Labda wangeniacha tu, grand. Nilikuwa nasimama wima mno. Nenda ukale, chakula kinapoa."

"Naweza kula na ninyi?" nikasema. "Kule jikoni. Hata nikisimama."

Aligeuka akatazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi, nililiona sinia sakafuni na mikono ikilizunguka, na nyuma yake, karibu na friji, stuli ya bluu, imepauka, kuna mtu ameweka beseni juu yake. Nafasi ilikuwepo. Tuliiona wote wawili.

"Kumejaa," akasema.

Nilirudi sebuleni, nikaketi pale nilipopangiwa, nikachukua sahani yangu ya kioo. Akina mama wa kwaya walianza pambio jingine, na hakuna aliyeingia nusu hatua kabla ya wengine. Nikashika uma, nikala mpaka nikamaliza.